Matonge Kumi na Manne

Siku akina mama walipokaa kumchagua wa kushika ufunguo wa depo, hakuna aliyemtaja Consolate Irambona kwa sababu ya ujasiri. Walimtaja kwa sababu ya woga. Kulthumu, au Mama Juma, mwanamke wa kijijini Lusenda aliyekuwa katika komite kwa niaba ya wenyeji, ndiye aliyelisema waziwazi: mtu anayeogopa kiasi kile hawezi kusahau mlango wazi. Wote walicheka, Consolate naye akacheka, kisha akapokea ufunguo na kuufunga kwenye pindo la kikwembe chake. Ufunguo wa pili akapewa Kulthumu.

Woga huo haukuanza jana. Consolate alivuka ziwa mwaka 2015 akitokea upande wa Rumonge, Burundi, mumewe akiwa amekwisha kufa, akaingia katika kambi ya wakimbizi ya Lusenda, Kongo, na watoto wawili na sufuria moja. Miaka ya kwanza alipika kama wenzake wote, kwa kuni za milimani. Alfajiri wanawake walipanda kwa makundi, mchana wakashuka na mizigo kichwani. Siku moja ya kiangazi, yeye na jirani yake Pulchérie waliachwa nyuma na kundi, wakakutana na wanaume wanne wenye mapanga na bunduki moja. Consolate hawakumgusa. Walimkalisha juu ya mzigo wake wa kuni, uso ukielekea bondeni, wakamkataza kugeuka, na hapo akakaa hadi jua likafika utosini. Aliyoyasikia nyuma yake hakumsimulia mtu. Pulchérie alishuka mlima kwa miguu yake mwenyewe. Baada ya miezi miwili akahamia Mboko kwa ndugu zake, na kila walipokutana sokoni waliulizana habari za watoto, wakaishia hapo.

Tangu siku ile Consolate hakupanda tena. Alinunua makaa alipoweza, na asipoweza watoto walikula muhogo mbichi uliolowekwa. Ndiyo maana vile vidonge vya kupikia vilipoletwa kambini, yeye alivipokea kama mtu aliyepunguziwa kifungo.

Vidonge ndilo jina watu walilolitoa wenyewe. Vilikuwa vipande vya duara, virefu kama kiungo cha kidole, vilivyokandamizwa kwa mashine katika karakana moja mjini Baraka. Humo mlikuwa na unga wa mbao kutoka kwa maseremala, pumba za mpunga, na uji wa muhogo kidogo wa kuvishikanisha. Beseni moja katika mbabula, jiko la makaa, lilitosha kupika maharage hadi yaive, tena bila moshi wa kumtoa mtu machozi. Eloge, mtoto wa kwanza wa Consolate, alipata kazi katika karakana hiyo, na kila lori lilipokuja Lusenda mama yake aligusa magunia kama anamgusa yeye. Vidonge viliwekwa katika depo, chumba cha matofali mabichi chenye mabati juu, kando ya barabara ya Mboko. Kila Jumanne kaya ziligawiwa. Kazi ya Consolate ilikuwa kufungua, kufunga, kufagia, na kuhakikisha mvua haiingii.

Mvua haikuingia. Waliingia panya.

Mwanzoni aliona tundu dogo chini ya gunia na unga kidogo sakafuni, akadhani gunia limechakaa. Wiki iliyofuata matundu yalikuwa sita. Kisha wanawake wakaanza kurudi wakinung'unika kwamba vidonge vinanuka mkojo, vimevimba, na vikitiwa motoni vinafuka tu kama majani mabichi. Consolate akamwuliza Eloge kwa simu, naye akamweleza kwamba panya hawataki mbao, wanataka ule muhogo. Wakishakula huo, kidonge hakina cha kukishika, kinasambaratika kuwa unga. Na wakikojoa juu yake kinavimba na kufa.

Alijaribu aliyoyajua. Aliziba matundu ya ukuta kwa udongo, wakatoboa mengine pembeni yake. Aliazima paka, paka akakaa siku mbili akarudi kwenye harufu ya ndagala, dagaa wa kwao. Kila asubuhi alipofungua mlango alisikia miguu yao ikikimbia nyuma ya magunia, midogo, mingi, na nywele za mikono zikamsimama. Hakuwa akiogopa panya wenyewe. Aliogopa siku watakapovimaliza vidonge.

Siku hiyo ilianza kuonyesha uso wake Jumanne moja, pale Nella alipofungua mfuko wake mbele ya wenzake. Nella alikuwa mama kijana wa nyumba za mwisho karibu na mto, mwenye mtoto mmoja wa miaka mitatu aitwaye Fanny. Alichota vidonge kwa kiganja, vikamvunjikia vidoleni kama biskuti iliyolowa. Akasema bila kupandisha sauti kwamba kama wiki ijayo vitakuwa hivi, yeye atapanda mlimani kama zamani. Wanawake wawili wakasema wataenda naye.

Consolate alirudi nyumbani. Njia nzima alimwona Nella akilini, amekaa juu ya mzigo wa kuni, uso ukielekea bondeni. Hakuweza kulifukuza wazo hilo, hata aliposali.

Jumapili, baada ya misa, alikwenda soko la Mboko akanunua sumu. Ilikuwa katika karatasi ndogo iliyochorwa panya aliyelala chali, na ndani mlikuwa na chengachenga nyeusi. Komite ilikuwa imekwisha kukataza sumu ndani ya depo, na Consolate mwenyewe alikuwa ameinua mkono siku walipokataza. Alijua. Lakini alijiambia kwamba ni kwa siku mbili tu: ataweka Jumapili, ataondoa yote Jumatatu jioni, na Jumanne mgao utafanyika kwa usalama, hakuna atakayejua. Alisonga bugali kidogo, akasaga ndagala wakavu humo ili wanukie, akachanganya zile chengachenga kwa kijiti, akafinyanga matonge madogo kama yai la njiwa. Yalikuwa kumi na manne. Akayapanga kati ya magunia, akafunga mlango, akanawa mikono mara tatu.

Jumatatu asubuhi alikwenda shambani. Alikuwa amekodi kipande cha muhogo upande wa Mboko, na siku hiyo ilikuwa zamu yake ya kuvuna. Alirudi jua likiwa katikati ya mbingu, kikapu kichwani, na kwa mbali akaona mlango wa depo uko wazi.

Kulthumu alikuwa ndani akifagia. Alimweleza kwa furaha kwamba mawingu yalikuwa mazito upande wa ziwa tangu asubuhi, basi akaona heri agawe mapema, mvua isije ikawakuta watu njiani kesho. Kaya kumi na tisa za upande wa mto zilikuwa zimekwisha kuchukua. Alikuwa amefungua magunia ya chini, na vile vilivyomwagika sakafuni alivizoa vyote kwa beseni ili kisipotee hata kimoja.

Consolate alishusha kikapu. Alipita kati ya magunia yaliyobaki akiinama, akaokota tonge moja, la pili, la tatu, akiyaweka katika kikwembe chake. Alifika kumi na moja. Akarudia tena pembe zote nne, akapapasa chini ya kila gunia, akavuta magunia kutoka ukutani moja moja. Hakukuwa na panya aliyekufa hata mmoja. Matonge yalikuwa kumi na moja.

Kulthumu aliacha kufagia, akaokota beseni, akamtazama. Kwa muda Consolate alifikiri angeweza kunyamaza. Labda panya wameyaburuta mashimoni. Labda. Lakini aliona beseni mkononi mwa Kulthumu, na vile vidonge vya sakafuni vilivyozolewa vyote, akaamua kusema.

"Mama Juma, mi niliweka sumu humu. Jana. Sikukuambia."

Kulthumu aliweka beseni chini polepole.

"Iko wapi?"

"Nilitia mu bugali na ndagala. Zilikuwa kumi na ine. Zinabakia kumi na moja."

Bugali na ndagala. Kulthumu alikuwa na wajukuu, hakuhitaji kuelezwa. Mwezi ule chakula cha kambi kilikuwa kimepunguzwa tena, na kila uani kulikuwa na mtoto anayelamba sufuria. Machozi yalimtoka Consolate, akataka kueleza kwa nini, lakini Kulthumu alikwisha kufunga mlango na kumshika mkono.

"Utalia nyuma. Sasa twende."

Walianza na nyumba za karibu. Kulthumu aliwajua wote aliowagawia, na hilo liliwasaidia. Kila walipoingia uani walisema maneno yale yale, kwamba kuna sumu ya panya imeingia katika vidonge, mimina vyote chini tuangalie, usimpe mtoto chochote. Nyumba ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Watu waliuliza nani aliyeweka sumu, na kila mara Consolate alijibu kwamba ni yeye, na kila mara ilikuwa ngumu kuliko mara iliyopita. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa kupekua. Kila mtoto aliyempita alimtazama mdomo kwanza, kisha macho.

Tonge la kwanza walilipata kwa mzee Barutwanayo, aliyeishi peke yake. Alikuwa amekwisha kumimina vidonge katika ndoo, na tonge lilikuwa juu kabisa, limeshikamana na unga wa mbao. Alisema aliliona akadhani ni kidonge kilichokosewa kwenye mashine. Consolate alilichukua kwa majani, na kwa mara ya kwanza tangu mchana pumzi ikafika chini kifuani.

La pili lilikuwa limekwisha kuliwa. Katika uwanja wa kaya ya kumi na moja mwanamke mmoja alikuwa amekaa kigodani akinyonyoa kuku, maji ya moto yakifuka pembeni. Alieleza kwamba kuku huyo alikuwa mzima asubuhi, kisha akaanguka ghafla akipiga mabawa, naye akawahi kumchinja kabla hajafa bure. Karibu na mlango palikuwa na makombo meupe yaliyochimbuliwa. Kulthumu alimnyang'anya kuku mikononi. Mwanamke akakasirika, kuku wake ni wake, nyama wameionja lini mara ya mwisho, na ilibidi Consolate apige magoti mbele yake na kumwomba, akimwambia kwamba nyama ile ingewaua watoto wote wanne. Hapo mwanamke akaangalia mikono yake yenye manyoya. Akaiosha, akaiosha tena.

Zilibaki kaya nane na tonge moja. Mvua ilianza kudondoka. Consolate hakutembea tena, alikimbia, Kulthumu nyuma yake akihema na kumwita apunguze mwendo, na ndani ya kichwa chake lilikuwepo jina moja tu tangu mwanzo, jina ambalo hakutaka kulianza nalo kwa sababu aliogopa kulifikia.

Nella alikuwa akianua nguo. Mfuko wa vidonge ulikuwa mlangoni, umeangushwa, vidonge vimetawanyika, na kati yake alikuwa amekaa Fanny, miguu imenyooshwa mbele. Katika mkono wa kulia alishika nusu ya tonge. Kidevu kilikuwa kinang'aa kwa mate.

Consolate alipiga kelele ambayo yeye mwenyewe hakuisikia. Alimrukia mtoto, akalitoa tonge mkononi mwake, akaingiza kidole kinywani na kukomba kilichokuwa ndani. Kulikuwa na bugali chini ya ulimi na kwenye ufizi. Kiasi gani kilikuwa kimemezwa, hakuna aliyejua. Nella alikuja mbio akiwa na nguo mkononi, akauliza kuna nini, kuna nini, na Kulthumu akamwambia. Nella alimchukua mtoto wake kutoka mikononi mwa Consolate kama mtu anayepokonya, akatoka mbio kwenye mvua.

Zahanati haikuwa mbali, lakini njia ilikuwa imekuwa tope. Nella alikimbia mbele. Consolate aliona kichwa cha mtoto kikiyumba juu ya bega la mama yake, na povu la mate likishuka mgongoni kwa Nella. Walipofika mlangoni Fanny alikuwa analowa jasho, na mguu mmoja unarukaruka wenyewe.

Muuguzi wa zamu aliitwa Déogratias, lakini kambi nzima ilimwita Dokta. Alimlaza mtoto, akamfungua macho kwa kidole gumba, akaona mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Akauliza ni nini alichokula. Nella alimgeukia Consolate. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu uani, na Consolate angependa apigwe kuliko kutazamwa vile.

"Ni sumu yangu, Dokta. Ya panya."

"Karatasi yake iko?"

Ilikuwepo. Aliikunja Jumapili akaitia kwenye pindo pamoja na ufunguo, kwa kuogopa mtu asiikute jalalani. Fundo lililolowa mvua likakataa kufunguka, ikabidi Kulthumu alifungue kwa meno. Dokta alisoma karatasi dirishani, akasema ni heri wameileta, maana sasa anajua anapigana na nini. Akamwita mwenzake. Wakawatoa nje wote isipokuwa Nella.

Consolate alikaa barazani juu ya saruji, mvua ikipiga mabati hata asiweze kusikia kilichokuwa ndani. Hilo ndilo lililomtesa zaidi. Alijikuta akikaza masikio nyuma yake, bila kugeuka, na alipotambua amekaaje, mgongo kwa mlango na uso kwa bonde, aliinuka. Akasimama akaukabili mlango. Kulthumu alimwambia akae, atachoka, naye akakataa. Alisimama hivyo hadi mvua ikakatika, na hata baada ya hapo, vidole vikihesabu tasbihi isiyokuwepo. Mara mbili mwenzake Dokta alitoka mbio na kurudi na chupa ndogo. Mara zote mbili Consolate alimpisha mlangoni.

Jioni ilipokaribia mlango ulifunguliwa. Dokta alisema mtoto amelala, moyo unakwenda vizuri, jasho limekauka. Alisema pia kwamba angelimeza tonge zima wangekuwa wanaongea mambo mengine. Watamweka siku mbili. Consolate aliuliza kama anaweza kumwona. Dokta akaangalia ndani, akarudi akasema mama yake hataki.

Siku ya pili yake Consolate aliita akina mama wote mbele ya depo. Hakungoja komite imwite. Aliwaeleza kila kitu kuanzia soko la Mboko: kwamba alijua imekatazwa, kwamba alificha, kwamba alihofia wanawake kurudi mlimani kuliko alivyohofia sumu. Alimlipa mwenye kuku kwa kuku wake mwenyewe, akafungua pindo na kuweka ufunguo chini. Kulikuwa na waliosema apelekwe kwa wakubwa wa kambi, na wengine wakasema mambo makali zaidi, naye akayasikiliza yote amesimama. Pulchérie alikuwepo. Alikuwa amekuja kutoka Mboko kuuza mafuta ya mawese, akasimama nyuma ya watu na bidoni yake. Wakati kelele zikiwa bado juu alisema, kwa sauti ambayo wengi hawakuwa wameisikia kwa miaka, kwamba wanaotaka kujua Consolate anaogopa nini wamwulize yeye. Hakuna aliyemwuliza.

Akina mama waliamua kwamba ufunguo hautashikwa na mtu mmoja mmoja. Mlango utafunguliwa wakiwepo wawili, siku zote, na Consolate atabaki kuwa mmoja wao, kwa kuwa kazi ya kuwashinda panya ni yake, ila sasa aifanye mchana mbele ya macho ya watu.

Ilichukua mwezi. Kulthumu alikwenda Swima kwa mjomba wake Uledi, mwenye mitumbwi ya injini, akapewa mapipa manne ya chuma yaliyokuwa ya mafuta. Waliyachoma ndani kwa moto wa nyasi hadi harufu ikaisha, na vidonge vya wiki vikawekwa humo na vifuniko vyake vizito. Kwa magunia yaliyobaki Eloge alikuja kutoka Baraka akajenga uchaga wa miti unaofika kiunoni, mbali na kuta zote kiasi cha mtu kupita na ufagio. Kila mguu wa uchaga aliuvisha bati la kopo la mafuta lililokatwa kama mwavuli, ili panya akipanda akute dari juu ya kichwa. Akina mama walifyeka majani kuzunguka depo hatua kumi, wakakataza mtu kula ndani, na kila jioni unga wote uliomwagika ulifagiwa na kupelekwa mashambani. Panya walikuja siku za mwanzo, wakahangaika chini ya mabati. Baadaye waliacha kuja kwa wingi. Mmoja mmoja huonekana hata sasa.

Consolate hakupona woga. Huamka na kwenda kuangalia miguu ya uchaga kabla hajachota maji. Akiona bugali mkononi mwa mtoto yeyote barabarani, husimama.

Nella hakuja kwenye mgao wa wiki tatu. Alimtuma jirani amchukulie. Wiki ya nne alikuja mwenyewe, akiwa amembeba Fanny mgongoni, macho ya mtoto yako wazi akitazama mapipa. Consolate alimjazia beseni. Nella hakuondoka nalo. Alitandika kikwembe chini mbele ya mlango, akamimina vidonge vyote, akapiga magoti, akaanza kuvipitisha mkononi kimoja kimoja. Foleni ilisimama, na hakuna aliyenung'unika. Alipofika nusu Consolate naye akapiga magoti upande wa pili wa kitambaa, akangoja. Nella aliendelea kidogo peke yake. Kisha akasukuma fungu lililobaki, likafika mbele ya magoti ya Consolate.

"Angalia na wewe," alisema.